Kekee Iliyochora Pete

Benchi letu ni mbao moja ndefu iliyolala juu ya matofali, mbele ya karakana ya Unywele, na kila kalio lina nafasi yake. Karibu na mlango hukaa Unywele mwenyewe akitoka kupumzika. Kazi yake ni kukereza: anazungusha mti kwenye mashine na kutoa miguu ya meza, nguzo za ngazi na, kwa wazee wachache waliobaki, viko vya tumbaku. Tunamwita Unywele kwa sababu kwake kosa la unywele ni kosa kamili. Anafuata Kipaza, kinyozi, ambaye akinong'ona mtaa wa pili wanaitikia. Kisha Diwani, muuza magazeti, aliyewahi kugombea udiwani akapata kura kumi na moja, na hadi leo anawatafuta wale kumi. Kisha mimi, Kiraka, fundi viatu. Mama Birika yuko kwenye kigoda chake na jiko la mkaa, anatumiminia kahawa na kutusahihisha. Mwisho kabisa wa benchi pana nafasi ya Mzee Kiko. Hii ni wiki ya tatu haina mtu, na hakuna aliyethubutu kuisogelea, hata siku ile mvua ilipotubana.

Mzee Kiko ni shemeji yake Unywele. Alimwoa dada yake. Tumbaku alikatazwa na daktari mwaka juzi, akaacha siku hiyohiyo, lakini kiko hakukiacha. Alikuwa akija nacho kitupu, anakitia mdomoni, anavuta pumzi mara mbili, ndipo anasema. Na neno lake la kwanza lilikuwa moja tu: hapana. Ukimwambia leo mvua itanyesha, anavuta mara mbili, hapana. Ukimwambia basi haitanyesha, anavuta mara mbili, hapana. Kwa kupingwa hivyo kila alasiri, sisi wengine tulibaki na akili kiasi. Halafu siku moja kiko kikamponyoka, kikapasukia kwenye ukingo wa barabara. Nilikigandisha kwa gundi ya viatu, kikapasuka tena palepale. Tangu hapo hajatokea. Binti yake anasema mzee amekaa tu kitandani, mkono unakwenda mdomoni, unarudi, na neno halitoki.

Huyo binti ndiye aliyempelekea mjomba wake, Unywele, kipande cha mzizi kwenye mfuko wa sukari. Uani kwao ulikuwapo mti alioupanda marehemu mama yake. Kamba ya nguo aliifunga hapo. Ukuta ulipojengwa mti ukakatwa, na Mzee Kiko akaficha kipande kimoja cha mzizi chini ya kitanda. Kimekauka hapo miaka minne. Kiko kimoja kinatoka humo, hakitoki cha pili, na mwenyewe hajui kama kimechukuliwa.

Sasa alasiri ile Unywele alitoka karakanani na kipande cha mguu wa meza, akakitupa miguuni petu.

Unywele: Cha tatu hicho.

Kipaza: Cha tatu nini?

Unywele: Majaribio. Siwezi kuupandisha mzizi wa dada kwenye mashine kabla mashine haijanipa tundu la haki. Hebu tazameni hapo.

Tukatazama. Mahali palipotakiwa tundu jembamba palikuwa na tundu pana mdomoni, linasinyaa likienda ndani, mfano wa faneli ya mafuta ya taa.

Mama Birika: Mbona mimi sioni ubaya? Tundu si tundu?

Unywele: Si tundu, mama. Kiko kina matundu mawili. Lile pana, la bakuli, linashuka kutoka juu. Jembamba, la pumzi, linaingia kutoka shingoni. Yanatakiwa yakutane chini kabisa ya bakuli, katikati. Jembamba likipita juu, pumzi inakwama. Likipita chini, umetoboa sakafu, kitu cha kutupa.

Diwani: Kwani lazima mashine? Si ushike kekee mkononi utoboe, umalize?

Unywele: Mkono una tamaa, bwana. Unakwenda unakotaka. Kwenye mashine anayezunguka ni mti. Kekee imesimama tuli huku mkiani mwa mashine, mimi naisogeza na gurudumu, pole pole. Mti unazunguka kwenye kitovu chake, na ncha ya kekee inaingia kwenye kitovu hichohicho. Haina pa kupotelea.

Mimi: Na hii imepotelea wapi?

Unywele: Ndilo linaloninyima usingizi, Kiraka. Ncha ikigusa mti, badala ya kuweka nukta, inachora pete.

Akasema hivyo kwa sauti ya mtu anayeripoti ugonjwa wa mwanawe. Mimi namjua Unywele miaka mingi. Sijawahi kumwona akiuliza benchi swali la kazi. Ukiona hivyo ujue amekwisha. Na benchi, likiulizwa, halina haya.

Kipaza: Pete? Umesema pete?

Unywele: Nimesema pete.

Kipaza: Basi kesi imekwisha. Mti ule kaupanda nani? Marehemu. Marehemu ni mke wa nani? Sasa mti unadai pete yake! Mpelekee Mzee Kiko salamu, aitoe pete ya ndoa, iwekwe juu ya mashine, uone kama tundu halitanyooka.

Unywele: Na huu mguu wa meza nao, nani kauoa?

Kipaza akanywa funda moja la kahawa. Hakuwa ameshindwa, alikuwa anajaza risasi nyingine.

Diwani: Mnahangaika na mti wakati tatizo ni umeme. Tazameni hizo nyaya juu ya nguzo, zilivyojiviringisha. Umeme unapita humo umejikunja. Ukifika kwa Unywele unajikunjua ndani ya mashine. Pete yenu ndiyo hiyo.

Mama Birika: Na mashine ya Kipaza ya kunyolea mbona haichori pete?

Diwani: Muulize yule bwana aliyenyolewa jana.

Kipaza: Yule ana kichwa kibaya! Lakini sikilizeni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mzizi umekaa miaka minne chini ya kitanda, umekauka, umekuwa mkaidi. Urudishwe kwenye maji wiki nzima, ulainike, ndipo utoboe.

Unywele: Mti ukiutoboa mbichi, ukikauka tundu linakuwa umbo la yai.

Kipaza: Yai nalo lina kosa gani? Kuku hajalalamika.

Mimi nami nikaona nisibaki nyuma, maana mjinga wa benchi ni yule asiye na nadharia.

Mimi: Kila kitu kina kushoto na kulia. Ukivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, utakwenda lakini utakwenda upande. Inawezekana hiyo kekee ni ya kushoto.

Unywele: Kiraka, kekee haina mguu.

Mimi: Nimesema inawezekana.

Diwani: Mimi napendekeza tupige kura. Penye wengi hapaharibiki neno. Anayetaka tundu lipite juu anyooshe mkono.

Mama Birika: Wewe kura hujazichoka tu?

Diwani: Basi kama hamtaki kura, nisikilizeni kwa makini. Mzee havuti tena. Amekatazwa. Mzizi ni mmoja, hauna mbadala. Kwa nini tuucheze kamari? Mchongee kiko kizuri, kisichotobolewa, ashike mkononi, roho itulie. Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga wanaziba, nyinyi mnatoboa!

Hapo tukatikisa vichwa kwa kukubali, hata Kipaza. Ilikuwa mara ya kwanza Diwani kupata wingi wa kura maishani mwake. Unywele hakutikisa. Alikuwa anakigeuza kile kipande cha mguu wa meza, kidole chake kikitafuta katikati ya tundu.

Unywele: Shemeji huvuta pumzi mara mbili kabla ya kusema. Mmewahi kumsikia akisema bila kuvuta?

Hakuna aliyewahi.

Unywele: Siku tuliyomzika dada, watu walimsemesha kuanzia asubuhi. Hakumjibu mtu. Jioni akakitoa kiko mfukoni, akavuta mara mbili, ndipo akaniambia, shemeji, kaa ule. Nikimpa kijiti kisicho na tundu, hiyo pumzi ataivutia wapi?

Mama Birika akalitikisa birika asikie lina kiasi gani, na kwa sauti ile tukajua kahawa iko kwenye mashapo.

Ndipo akaja msichana, suruali imepigwa saruji hadi magotini, begi la vifaa begani. Hatujawahi kumwona kwenye benchi, lakini paji la uso lilikuwa la Mzee Kiko tupu.

Binti: Shikamooni.

Tukaitikia wote marahaba, Kipaza kwa niaba ya mtaa mzima.

Binti: Mjomba, nimetoka kazini moja kwa moja. Tafadhali, kama kiko hakiwezekani nipe ule mzizi niurudishe. Leo asubuhi baba aliinama kutazama chini ya kitanda. Nikamwita aje anywe chai. Kesho sijui nitamwitia nini.

Unywele: Mwanangu, bado sijautoboa. Mashine imenigeukia.

Akamweleza habari ya nukta na pete. Binti hakumkatiza. Alikichukua kipande cha mguu wa meza, akaingiza kidole kidogo tunduni, akakitoa. Kazi yake ni kupanga vigae, sakafu na kuta, na watu wa kazi ile hawapendi kuambiwa; wanapenda kugusa.

Binti: Vyote vitatu viko hivi?

Unywele: Vyote.

Binti: Kwa hiyo mti si kosa lake. Kekee imesimama, mti unazunguka. Ikichora pete, maana yake havitazamani. Mkia wa mashine umeukaza?

Unywele: Mara tatu.

Binti: Na mashine yenyewe, imekaa sawa sakafuni?

Kipaza alimtazama Diwani, Diwani akatazama nyaya zake. Mashine ile Unywele alikaa nayo miaka ishirini na miwili kwenye chumba cha zamani, milango miwili kutoka hapa, na sakafu ya kule aliijua kama kiganja. Mwezi uliopita tulimsaidia kuihamisha, wanaume wanne, tukaitua hapa tukihema. Tangu siku hiyo ameikagua mashine kuanzia mkanda hadi taya zinazoshika mti. Sakafu hakuiuliza.

Mimi nilikuwa na funda la kahawa mdomoni. Nikalitema chini.

Tuliingia wote karakanani, tukikanyaga maranda. Binti akafungua begi, akatoa pimamaji, akaiweka juu ya reli za mashine, upande wa kichwani. Kile kitone cha hewa kikatulia katikati. Unywele akashusha pumzi. Binti akaihamishia upande wa mkiani. Kitone kikakimbilia pembeni, kikagoma hapo.

Binti: Imejinyonga, imejipinda, mjomba. Huku imelala sawa, huku imeinuliwa.

Akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akamulika chini ya mguu wa nyuma. Akachokonoa kwa ncha ya mwiko wa saruji. Kikatoka kipande cheusi, chembamba, kimekatwa kwa ustadi, kingo zimepigwa msasa.

Binti: Nani kaweka soli hapa?

Kwenye benchi lile kuna fundi viatu mmoja. Hawakuhitaji kunitazama, lakini walinitazama.

Mimi: Ilikuwa inatikisika.

Binti akakigeuza kile kipande kwenye mwanga wa tochi.

Mimi: Siku ile tulipoihamisha. Wewe ulikwenda kununua mkanda, Unywele. Nikaigusa, ikatikisika. Nikasema mtu huyu anapenda kazi safi, haiwezekani akute mashine yake inacheza. Kiatu kikiyumba mimi hukitia kipande kisiginoni, kinatulia. Nikaitia kipande, nikakaza boliti kwa nguvu zangu zote. Ikatulia. Nilifurahi, wallahi. Nikaona nimekufanyia jambo.

Kipaza: Soli ya nini?

Mimi: Ya tairi. Ile nzuri.

Unywele alikichukua kile kipande, akakipapasa kingo. Niliona bora anitukane. Kiatu unakitia kipande, kinakubali, kwa sababu kiatu hupinda na mguu. Chuma nacho kumbe hupinda, ila hakikwambii. Kinakaa kimya, kinakungoja siku umeshika kitu usichoweza kukipata tena. Na siku hiyo ilibaki kidogo tu iwe leo.

Unywele: Kingo umezipiga na msasa.

Mimi: Ndiyo.

Unywele: Chini ya mashine, mahali asipoona mtu?

Mimi: Ndiyo.

Akakitia mfukoni mwa shati, akachukua spana, akainama. Hakusema zaidi, na kwa Unywele hiyo ni hotuba.

Wakalegeza boliti zote nne. Binti akakata vipande vya bati la kopo, vyembamba kama karatasi, akavipenyeza kimoja kimoja, mjomba anakaza, yeye anasoma kitone. Kidogo. Bado. Punguza. Hapo. Wakarudi kichwani, wakarudi mkiani, mpaka kitone kikalala katikati pande zote mbili. Unywele akafunga kipande cha nne cha mguu wa meza, akawasha. Ncha ya kekee ikausogelea mti, ikaugusa.

Nukta.

Kipaza alitaka kushangilia, Mama Birika akamfinya.

Ndipo Unywele akautoa mzizi kwenye mfuko wa sukari. Ulikuwa bado na pembe zake nne, maana kiko hutobolewa kwanza, kikachongwa baadaye. Ubavuni alikuwa amechora mistari miwili ya penseli, wa bakuli na wa pumzi, na pale ilipokutana aliweka alama. Akatoboa bakuli, akazima. Akaugeuza mzizi kwenye taya, shingo ikakabili mkia. Kekee nyembamba akaifunga utepe mahali itakapotakiwa kusimama. Akawasha tena. Anasogeza kidogo, anarudisha nyuma, inatema unga; anasogeza, anarudisha. Harufu ya ule mti ikatoka, harufu ya nguo zilizoanikwa juani, na binti akageukia ukutani. Tulikuwa watu sita tumezuia pumzi kwa ajili ya tundu la mtu mwingine kuvutia pumzi. Utepe ukafika. Unywele akazima, akasubiri mti usimame wenyewe, akamulika ndani ya bakuli kwa tochi. Alikaa hapo muda mrefu.

Unywele: Njoo uone, mwanangu. Mimi macho yamejaa maji.

Binti akachungulia.

Binti: Chini kabisa, mjomba. Katikati.

Siku ya tatu, alasiri, Mzee Kiko alikuja ameshikwa mkono na binti yake. Alikuwa amepungua. Akakaa kwenye nafasi yake, na benchi likalalia upande linaoujua. Unywele akamwekea mapajani kitu kilichofungwa kitambaa. Mzee akafungua. Kiko kilikuwa kidogo, cha mviringo, mishipa ya mti imepanda nacho kutoka chini hadi mdomoni. Hakuuliza ni mti gani. Alikinusa, akafumba macho.

Binti: Baba, niliuchukua mimi. Nisamehe.

Akampapasa binti mkono. Kisha akakitia kiko mdomoni, mkono ukabaki pale, haukurudi. Sote tukangoja. Na hapo ikatupata aibu kubwa: mtu wa kutupinga amerudi, na hakuna mwenye neno la kupingwa. Kipaza, Kipaza yule yule, alikuwa anatazama viatu vyake. Diwani alikuwa ameshika gazeti juu chini. Nikaona basi, nitasema mimi, na nilikuwa na la kusema siku tatu nzima.

Mimi: Mzee wangu, mti wa marehemu ulibaki kidogo uharibike kwa mkono wangu. Nilitia soli chini ya mashine. Na kile kiko cha zamani ni mimi niliyekigandisha vibaya. Umekaa ndani wiki tatu kwa ajili yangu. Kosa ni langu mimi, mzee. Mimi si fundi.

Akanitazama. Akavuta pumzi mara moja. Ikapita bila mluzi, bila kukwama, tuliisikia ikiingia. Akavuta mara ya pili.

Mzee Kiko: Hapana.

Miaka yote ameninyima kuwa sahihi hata mara moja, na sikuwahi kumshukuru. Mama Birika akainamisha birika, likatoa nusu kikombe cha mwisho, akampa yeye. Unywele akanigonga goti na kile kipande cha soli, akanirudishia. Mimi nikatoa kitambaa mfukoni nijifute machozi, nikasahau kwamba ndicho ninachong'arishia viatu, na watu wote wa benchi wakanicheka uso mweusi mpaka magharibi.